Makauboi Wasio na Kofia

Dry Fork, Nebraska
14 Januari 1974

Mjomba Emil, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba jua la Arizona linakitendea wema kifua chako. Sisi huku hatujambo. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini, na paka wa jirani amehamia bandani kwetu bila kuomba ruhusa. Mama anaendelea vizuri. Anakusalimu sana.

Mimi sasa ni karani wa masjala ya ardhi katika mahakama ya wilaya, mwaka wa pili. Ninanakili hati za mashamba katika vitabu vikubwa. Mkuu wangu, Bwana Tostrud, husimama nyuma yangu akisoma juu ya bega bila kusema neno. Husema baadaye, mbele za watu. Wiki iliyopita aliuliza, "Hruska, hii ni saba, au ni moja yenye kiburi?" Ofisi nzima ilicheka. Tangu siku hiyo kila saba naipiga mstari katikati, kisha naitazama tena.

Mjomba, nimekuandikia kwa jambo moja. Novemba kulikuwa na mnada katika shamba la marehemu Nygaard. Katika vitu vya mwisho kabisa, pamoja na matairi na ndoo, kulikuwa na kasha la vitabu vya katuni vya zamani. Alikuwapo mfanyabiashara mmoja kutoka Omaha, mwenye glavu nyeupe. Alichagua vile vya watu warukao angani, akavifunga kwa karatasi laini kama mayai. Nilipomwuliza kuhusu vile vya makauboi alisema, "Hivyo vya farasi chukua, kijana. Vinawasha jiko vizuri." Nikavichukua. Sasa ninavikusanya kila Jumamosi, mnada kwa mnada, na nimefikisha mia mbili na kumi na vinne.

Thelathini na vinane kati yake ndivyo vilivyosalia kati ya vile ulivyonipa wewe, enzi za duka lako la dawa, na havina vichwa. Kitabu kisipouzwa, ulikuwa ukikata kipande cha juu cha jalada, chenye jina na mwezi, unakirudisha kwa wakala wa magazeti, na unatia sahihi kwamba kilichobaki kimechomwa moto. Kisha unanipa mimi hicho kilichochomwa moto. Hadi nilipofika miaka saba niliamini makauboi wote wa majaladani hawana kofia, na wengine hawana macho.

Ningependa kujua majina na miezi yao. Ni wewe tu uliyewaona wakiwa na vichwa. Naanza na kimoja: mtu amepiga magoti kando ya kisima, farasi mgonjwa, ndoo katikati. Unakikumbuka?

Mpwa wako,
Wendell


Salado Wells, Arizona
2 Machi 1974

Mpwa wangu karani, marahaba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingi za kukaa. Kifua kinapiga filimbi asubuhi na ngoma jioni. Jirani yangu, Mama Ybarra, ananiletea maharage kila Jumapili na kunisema kila siku nyingine. Nimekuwa mzee, Wendell. Juzi nimejikuta nalisifu jua.

Mwambie huyo Tostrud kwamba mjomba wako alikuwa akisoma mwandiko wa madaktari miaka ishirini na hakuua mtu. Saba ni saba.

Halafu, wewe hujui kudanganya. Mama yako hakunisalimu. Albina akinisalimu, mto Platte utapanda mlima. Usiniandikie tena salamu zisizokuwapo.

Kitabu chako ni cha Machi 1957. Nakikumbuka kwa sababu vilikuja kumi na viwili nikauza viwili. Watoto walitaka bunduki, na pale hapakuwa na bunduki. Lakini wewe umekitazama miaka kumi na saba na hukukiona. Hiyo si ndoo, bwana mdogo. Ni kofia. Jamaa amevua kofia amnyweshe farasi. Nilipokata jalada sikumkata kofia, hakuwa nayo kichwani. Nenda katazame ukingo wake.

Uliza vingine. Sina kazi.

Emil


Dry Fork
20 Machi 1974

Mjomba mpendwa,

Barua yako ilifika Ijumaa nami nikaisoma ngazini nikiwa na koti. Tunaendelea. Theluji imeanza kuyeyuka, na barabara ya shamba la Mama imekuwa uji.

Ni kofia. Nilikipeleka dirishani, nikaona ukingo umekunjwa kwa mkono ili maji yasimwagike. Miaka yote nilidhani ni ndoo iliyochorwa vibaya, na nilikuwa nikimhurumia mchoraji.

Ninajaribu kujieleza kwa nini navipenda, kwa sababu kazini wakijua watanicheka. Vile vya watu warukao, kila ukurasa una mlipuko. Katika hivi vya kwetu, karibu kila kisa kina picha moja ambayo hakuna mtu anayesema. Uzio wa waya, mbingu, nyasi zimelalia upande mmoja. Hakuna neno. Mchoraji pengine hakuwahi kutoka mjini, maana ng'ombe wake wana miguu ya mbuzi, lakini upepo ameupata. Na aliamini kwamba mtoto mwenye senti kumi anaweza kusimama akatazama nyasi. Sijui ni nani mwingine aliyeniamini kiasi hicho nikiwa na miaka minane, isipokuwa wewe.

Kuhusu salamu, nisamehe. Nilidhani nikiziandika zitakuwapo.

Kuna jambo sikulisema mara ya kwanza. Mama anaugua moyo. Daktari anasema umechoka. Sasa anapanda ngazi mara mbili: nusu, kiti, kisha nusu. Juma lililopita nilirudi mapema nikamkuta darini, amekaa juu ya kasha langu, amefungua kimoja kati ya vile visivyo na vichwa. Nikamwuliza, "Mama, unafanya nini huku juu?" Akasema, "Nafuta vumbi." Hakuwa na kitambaa.

Mjomba, kwa nini hamwandikiani? Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliambiwa ni kifua tu.

Wendell


Salado Wells
9 Juni 1974

Wendell,

Nimeianza barua hii Aprili. Mama Ybarra ameikuta mezani mara nyingi hivi kwamba ameanza kuisogeza akipanga sahani.

Kifua hakijambo. Wamenipa mtungi wa hewa wenye magurudumu. Nauita Tostrud, kwa sababu unanifuata nyuma na kuhema.

Umeuliza, basi. Wakala wa magazeti alikuja dukani kwangu Septemba 1960. Akaweka kwenye kaunta orodha ya vitabu arobaini na viwili, kila kimoja kimeelezwa picha yake, na siku kilipotoka mkononi mwangu. Vyote nilikuwa nimetia sahihi kwamba vimechomwa. Nikamwuliza kaitoa wapi. Akasema, "Nyumbani kwa dada yako." Wiki hiyo hiyo wakaniondolea rafu yote, magazeti, majarida, kila kitu. Ulikuwa mdogo, hukujua: watu hawakuja kwangu kwa ajili ya dawa ya kikohozi. Walikuja kwa gazeti, wakakaa kwa kahawa, wakakumbuka kikohozi. Gazeti likahamia duka la barabara kuu na watu wakalifuata. Duka la baba yangu lilikufa mikononi mwangu katika msimu mmoja wa baridi.

Mama yako alikuwa amenionya. "Emil, acha kumjaza mtoto upuuzi wa bastola, au nitamwambia huyo bwana wa magazeti." Nikaenda kwake. Nilisimama mlangoni, sikuvua hata kofia. Nikasema, "Albina, ni wewe?" Akanitazama usoni, akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Hakusema samahani. Hakusema kwa nini. Nami sijamwuliza tena.

Hayo ndiyo. Niulize sasa kuhusu farasi.

Emil


Dry Fork
17 Juni 1974

Mjomba mpendwa,

Barua imefika. Asante kwa kunieleza. Huku mvua zimekuwa nzuri, ngano inasimama. Kazini tumeletewa rafu mpya za chuma, na Bwana Tostrud ameniagiza nizipe nambari. Nimezipa nambari.

Nimepata viwili Jumamosi, vyote vya 1954, kimoja kina doa la chai. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi.

Mama hajambo kiasi.

Wendell


Salado Wells
1 Julai 1974

Mpwa wangu,

Hii ya mwisho uliandika wewe, au ni rafu ya chuma? Nilikufungulia moyo nikapewa habari za ngano. Ukiwa umeudhika kwa ajili ya mama yako, sema. Mtoto mwema humtetea mama yake, sitakuchukia.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wa hapa ni kijana kama wewe, naye huogopa kusema, kwa hiyo nimemsaidia: sina miaka mingi. Nina nyumba hii ndogo, kiti cha kaunta ya soda nilichoking'oa dukani siku ya mwisho, na picha ya duka la baba. Nataka vije kwako. Nimemwambia mwanasheria aandike hivi: kwa Wendell Hruska, kwa sababu katika nyumba ile yeye peke yake hakuninyooshea kidole.

Niandikie jina lako kamili kama lilivyo katika cheti, maana mwanasheria anasubiri.

Emil


Dry Fork
15 Julai 1974

Mjomba,

Mwambie mwanasheria asiandike.

Nimejaribu barua hii mara sita. Nitaisema kwa mpangilio, kwa maana sijui njia nyingine.

Ilikuwa Agosti 1960, Alhamisi. Wewe ulikuwa umepeleka dawa shambani kwa akina Stastny. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kaunta, nasoma. Aliingia mtu mwenye suti ya kijivu, akaagiza soda ya cheri, akakaa kiti cha pili. Akasema, "Kauboi wako amepoteza kofia." Nikacheka. Unajua nilivyokuwa, Mjomba. Sikuweza hata kutaja jina langu mbele ya mwalimu. Lakini yule mtu aliuliza kuhusu farasi, na nikasema, na nikaendelea kusema.

Akaniuliza, "Unavyo vingi?"

Nikamwambia, "Arobaini na viwili. Nimeviandika vyote."

Akasema, "Huo ni uongo. Mtoto wa umri wako?"

Nilimpeleka nyumbani mwenyewe, Mjomba. Nilikimbia mbele yake. Nilimletea daftari langu: nambari, picha iliyo jaladani, tarehe, na safu ya mwisho niliyoipigia mstari kwa rula, "Kutoka kwa Mjomba Emil." Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile, hata kwa makarani wake. Akaomba kuliazima, nami nikampa, na nilijivuna.

Mama alitoka jikoni mikono ina unga. Alimwona akiingia garini na daftari. Aliniuliza ni nani, nikamwambia ni bwana wa magazeti. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa chini sebuleni. Kisha akasema, "Hili hutamwambia mtu yeyote. Hata Emil. Hasa Emil." Nikasema ndiyo. Sikujua mpaka barua yako ya Juni kwamba uliwahi kumwuliza mlangoni, wala alichokujibu.

Nilijua kilichoua duka. Nilikijua tangu rafu zilipobaki tupu. Nimeogopa kila siku tangu hapo kwamba mtu atasimama nyuma yangu asome nilichoandika.

Sikuomba unisamehe katika barua hii kwa sababu sioni mahali pa kuliweka ombi hilo. Naomba tu usimhesabie Mama.

Wendell Josef Hruska


Dry Fork
30 Agosti 1974

Mjomba mpendwa,

Hujajibu, na sikulaumu. Naandika tu kukuambia kwamba nimemwambia Mama.

Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Miaka kumi na minne tumekaa vizuri."

"Hatukukaa vizuri, Mama."

Akamenya kimoja kizima kabla ya kusema tena. "Emil angekusamehe siku hiyo hiyo. Namjua. Lakini wewe usingekanyaga tena kule dukani. Na kule ndiko kulikokuwa mahali pekee ulipokuwa ukicheka. Mtoto wangu alikuwa hacheki, Wendell. Ningefanya nini? Nikasema ni mimi. Nilidhani hasira ya Emil itaisha kabla ya Krismasi." Kisha akasema, "Sikujiuliza Krismasi ya mwaka gani."

Nikamwambia duka lilikufa hata hivyo, na mahali pangu pa kucheka palikufa nalo. Akasema, "Ndiyo. Hilo sikulipigia hesabu."

Sasa kitanda chake tumekishusha chini, karibu na jiko. Ngazi imemshinda.

Posta hufika saa nne. Kuanzia saa tatu na nusu sifanyi kazi ya maana.

Wendell


Salado Wells
12 Septemba 1974

Wendell,

Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe. Nilimwambia Mama Ybarra, na yeye akauliza, "Alikuwa na umri gani?" Nikasema kumi. Akachukua sufuria yake ya maharage akaondoka nayo, ikiwa imejaa.

Wiki iliyofuata nilimkasirikia Albina, kwa mara ya pili, kwa sababu tofauti. Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi zaidi.

Sasa nimebaki na mtu mmoja. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Mara mia labda, kwamba vimechomwa, vimechomwa, vimechomwa, na hapo hapo nampa mtoto. Nilipenda kuuona uso wako ukigeuza kurasa. Sikuwa na mtoto. Nikaiita ile siri yetu, lakini sikukuambia kwamba ni siri. Ungejuaje?

Ile orodha nilionyeshwa. Safu zimenyooka, hakuna hata doa. Nikasema moyoni, huyu ni Albina, na lile neno "Mjomba" ameliandika kwa niaba yako, maana ni mtoto gani wa miaka kumi apigaye mstari kwa rula? Hukunidanganya. Ni mimi sikukufahamu.

Mwanasheria nimemwambia aandike vile vile, ila ile sababu aifute, abakize jina.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ya mama yako. Ningesema usiifungue, maana ungeshindwa kuficha, lakini nimejua sasa kwamba unaweza kuficha kitu miaka kumi na minne. Kwa hiyo nimeitia gundi mara mbili.

Mjomba wako,
Emil


Dry Fork
19 Septemba 1974

Mjomba wangu, shikamoo.

Mahindi yamekauka, upepo wake unasikika hadi mjini. Paka amezaa bandani, wanne. Barua yako ilifika leo saa nne na dakika kumi, nami niliisoma nimesimama kati ya rafu za chuma. Siwezi kuijibu vizuri leo. Nitaijibu polepole, pengine miaka mingi. Leo nakupa habari ya bahasha tu.

Nilimpelekea saa ya chakula cha mchana. Aliitazama juu, pale ulipoandika jina lake, akasema, "Bado anaandika kama anayekimbizwa." Akaniambia nitoke nje. Nilikaa na paka. Nilipoitwa nilimkuta amesimama, Mjomba, yeye ambaye tangu Agosti hasimami bila mkono wa mtu, na ametoa unga, chachu na jamu ya plamu. Alikuwa akikanda unga wa kolache, vile vikate vitamu vya jamu.

Nikasema, "Mama, daktari amesema ukae."

"Daktari hajui kukanda. Basi la kutoka Arizona linasimama hapa siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Ameandika kwamba anakuja?"

"Hapana. Ameandika kwamba hawezi. Mapafu, mtungi, siku mbili barabarani, daktari amekataa. Kurasa nne za kunieleza kwa nini hawezi kuja."

"Sasa?"

Akanitazama kama ninayetoka nchi nyingine. "Wendell, mimi nimelelewa pamoja na Emil. Emil asipotaka kitu husema hapana, akaondoka. Hajawahi kutumia kurasa nne kwa kitu asichokitaka."

Mimi najua tu kusoma kilichoandikwa. Ukiwa umeandika kwamba huwezi, mimi naamini huwezi, na naomba usijidhuru kwa ajili yetu. Unga umefunikwa kitambaa karibu na jiko. Ametengeneza wa sinia mbili, na sisi tuko wawili, na yeye haruhusiwi sukari.

Kesho ni Ijumaa. Basi hupita saa nane na nusu, wakati wa kazi. Tangu niajiriwe sijawahi kumwomba Bwana Tostrud ruhusa hata ya kwenda kung'oa jino. Leo jioni, kabla hajafunga mlango wake, nilimwendea nikamwomba ruhusa ya saa moja kesho. Aliuliza, "Ya nini, Hruska?" Nilisema: kumpokea mjomba wangu. Akauliza anafika kutoka wapi. Nikasema Arizona. Akasema nenda.

Najua barua hii itakuwa bado njiani. Najua hakuna atakayeshuka. Nitakwenda nisimame pale mpaka dereva afunge mlango, kisha nitarudi nimwambie Mama kwamba si leo. Na Jumanne nitaomba tena.

Mpwa wako,
Wendell